Nakwama kwenye "utusamehe deni zetu", na daftari la madeni liko dukani kwangu

Mama Pembejeo aliuliza:

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Naomba mnivumilie kwa maelezo marefu, kwa sababu jambo hili nimelibeba tangu mavuno yaliyopita, na hapa kwetu sina wa kumweleza bila kumtaja mtu ambaye sote tunaabudu naye chini ya paa moja.

Nina duka la pembejeo katika mji mdogo wa nyanda za juu kusini, na pia ni mzee wa kanisa katika mtaa wetu. Wanaoishi na wakulima wanajua kwamba biashara hii haiendi kwa fedha taslimu peke yake. Mwezi wa kumi na moja mvua zinapoanza, mkulima hana kitu mfukoni, naye akikosa mbolea ya kupandia kwa wiki mbili tu msimu umempita. Kwa hiyo unampa mali kauli, unaandika kwenye kaunta buku, anaweka sahihi, mnaagana hadi avune. Ndivyo nilivyompa mwanajumuiya mwenzangu mifuko kumi na minane ya mbolea pamoja na dawa za ukungu wa viazi, jumla shilingi 1,840,000.

Alivuna na akauza, maana lori niliona kwa macho yangu likipakia viazi shambani kwake. Hajaleta hata senti. Mwezi wa nane nilipita njia ya kwake nikakuta nyumba imeezekwa upya kwa bati la msauzi, jekundu, linang'aa hadi barabarani. Tangu hapo akiniona kwa mbali anavuka upande wa pili, na ibada ya jumuiya ikiwa zamu ya nyumbani kwangu, yeye haonekani.

Jumapili tatu zilizopita mchungaji alihubiri Mathayo 18:21-35, mfano wa mtumwa asiyesamehe, aliyesamehewa na mfalme deni kubwa kisha akamkamata mtumwa mwenzake kwa deni dogo. Nilikaa mbele nikiwa nimetulia, kwa kweli nikiona kwamba somo linamhusu mwenzangu, hadi msomaji alipofika kwenye maneno haya: "akamkamata, akamshika koo, akisema, Nilipe uwiwacho," yaani unachodaiwa. Hapo nikamkumbuka mtoto. Siku moja ya gulio, duka likiwa limejaa, mtoto wa huyo mdeni wangu, wa darasa la tatu, alitumwa kununua dawa ya kuku. Alikuwa ameshika noti ya shilingi 2,000 ameikunja mpaka imekuwa ndogo kama punje ya hindi. Nikamwambia mbele ya wateja, "Mwambie baba yako alete kwanza deni langu." Watu wakacheka. Mtoto hakulia, alisimama kidogo, akaikunjua ile noti akaitazama, kana kwamba kosa liko kwenye noti, kisha akatoka.

Sasa nauliza. Je, Injili inanidai nilifute deni hili, wakati mimi mwenyewe nilichukua mbolea ile kwa msambazaji kwa mali kauli na nimeshamlipa kwa kuuza ng'ombe? Je, nikimdai ninakuwa yule mtumwa mwovu? Na nifanye nini na Sala ya Bwana, kwa maana ni wiki ya tatu sasa nikiongoza ibada, na nikifika pale pa "kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu" nawaachia waumini waseme, mimi nafunga mdomo?

Mfanyabiashara wa Kariakoo alijibu:

Dada yangu, pole sana. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, nawe unahudhuria matanga ambayo hukualikwa.

Nitasema kwa uwazi kama mtu aliyekaa nyuma ya kaunta miaka mingi na anayempenda Mungu pia. Yule bwana wa mfano alikuwa mfalme. Alisamehe kutoka hazina yake, wala hakuwa na msambazaji anayempigia simu kila Ijumaa. Wewe unaombwa usamehe kwa mali ya mtu mwingine. Ukifuta deni hili kimyakimya, ifikapo msimu ujao watakuja wengine kumi ambao wamesikia kwamba mzee wa kanisa hadai, na ukiwakatalia watasema una upendeleo, na ukiwakubalia utafunga duka, kisha mkulima mwaminifu ambaye hulipa kila mwaka atakosa mahali pa kukopa mbolea. Sioni jinsi hilo linavyomtukuza Mungu.

Jambo la pili, mdeni wa kwenye mfano alianguka miguuni akasema, "Nivumilie, nami nitakulipa yote pia." Huyu wako amevuka barabara. Luka 17:3 inasema ndugu akikosa aonywe, na akitubu asamehewe. Sijaona mahali palipoandikwa kwamba akivuka barabara afutiwe. Ushauri wangu ni kwamba umpelekee barua, mpange malipo mbele ya mashahidi wawili, na msimu huu asipewe hata kilo moja kwa mkopo mpaka deni la zamani liishe. La mtoto ni bahati mbaya, umekiri, Mungu amesikia, liache.

Mwinjilisti Mstaafu alijibu:

Mama Pembejeo, amani ya Bwana iwe nawe, na mfanyabiashara wetu pia, ambaye amesema mambo ya kweli kuliko anavyodhaniwa na watu watakaomkasirikia.

Naomba tuutazame mfano wenyewe kwa karibu, kwa kuwa tumezoea kuusoma haraka. Huwa tunahubiri kwamba mtumwa wa kwanza alisamehewa deni kubwa na akashindwa kusamehe deni dogo, lakini Yesu hakusema kwamba dinari mia ni kitu kidogo. Dinari moja ulikuwa ujira wa kibarua kwa kutwa, kama tunavyoona katika Mathayo 20:2, ambapo mwenye shamba la mizabibu anapatana na wakulima. Kibarua anayepumzika siku ya Sabato angehitaji karibu miezi minne kuzipata dinari mia, na hapo hajala, hajavaa, hajalipia chochote. Hilo ni deni halisi, linaloumiza, la namna ileile uliyo nayo kwenye kaunta buku lako. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba Injili inadharau shilingi 1,840,000 zako.

Sasa weka upande wa pili. Talanta moja ilikuwa na thamani ya dinari 6,000 hivi, na mtumwa yule aliwiwa talanta elfu kumi, yaani dinari milioni 60. Kibarua mwenye kufanya kazi siku 300 kwa mwaka angezilipa kwa miaka 200,000. Nimekaa na kalamu nikalinganisha: ikiwa deni la ndugu yako ndizo dinari mia, basi talanta elfu kumi ni zaidi ya shilingi trilioni moja. Mtu anayesimama mbele ya mfalme na deni la namna hiyo halafu anasema "nitakulipa yote pia" hajui anachosema, na jambo linalonigusa kila mara ni kwamba bwana wake hakumcheka wala hakumsahihisha hesabu. Imeandikwa kwamba alimhurumia, akamfungua, akamsamehe. Mtumwa aliomba muda, akapewa zaidi ya alichoomba.

Ombi la mjoli, yaani mtumwa mwenzake, ni lilelile, karibu neno kwa neno, isipokuwa safari hii linawezekana, kwa maana dinari mia zinalipika mtu akipewa nafasi. Kosa la mtumwa mwovu, kama ninavyolisoma, halianzii pale alipokumbuka anachodai. Linaanzia mkononi, pale mkono uliotoka kufunguliwa ulipokwenda kwenye koo la mwingine, na sikio likakataa kutambua sentensi ambayo kinywa chake mwenyewe kilikuwa kimetoka kuisema muda mfupi uliopita.

Kudai, basi, sioni kwamba kumekatazwa. Sura hiyohiyo, mistari michache nyuma (18:15-17), inakupa njia ya kudai kikristo: uende wewe na yeye peke yenu, asiposikia, uchukue mtu mmoja au wawili, asiposikia hao, uliambie kanisa. Mfanyabiashara amekushauri uanze na barua na mashahidi; mimi nasema ameruka ngazi ya kwanza. Wewe mwenyewe unakiri kwamba lori umeliona, bati umeliona, umeona anavyovuka barabara, na katika maelezo yako yote sikuona mahali ambapo mmeketi wawili. Na hata hatua ya mwisho, ya kumhesabu mtu kuwa "kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru", hainipi nafasi ya kumtupa mtu, kwa sababu Injili hiyo inamtaja Mathayo aliyeitwa akiwa ameketi forodhani, nasi tunajua jinsi Yesu alivyowatendea watoza ushuru: alikula nao.

Hofu ya mfanyabiashara kwamba msamaha utakausha mikopo si mpya. Kumbukumbu la Torati sura ya 15 iliagiza kwamba kila mwaka wa saba madeni yaachiliwe, na papo hapo ikaonya dhidi ya mtu atakayemnyima maskini kwa sababu mwaka wa saba unakaribia. Onyo halikutosha. Hillel, mwalimu mkubwa wa Kiyahudi aliyetangulia kidogo siku za huduma ya Yesu, aliweka utaratibu wa hati iitwayo prozbuli, ambayo kwayo mkopeshaji alikabidhi deni lake kwa mahakama ili mwaka wa saba usilifute, kwa kuwa watu walikuwa wameacha kukopeshana. Waliomsikiliza Yesu waliyajua mabishano haya yote kama wewe unavyoyajua ya gulio lenu.

Nimebakiza neno moja, nami nalisema kama baba. Mfanyabiashara amekuambia uliache la mtoto. Mimi naona kwamba Roho alikugusa hapo kwa sababu hapo ndipo penye kidonda. Sura ya 18 haianzi na madeni. Inaanza na mtoto mdogo ambaye Yesu alimwita akamweka katikati ya wanafunzi, na mstari wa 10 unasema, "Angalieni msidharau mmoja wa wadogo hawa." Wewe ulimweka mtoto katikati ya wateja. Kisha rudi Mathayo 5:23-24: ukileta sadaka madhabahuni na ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, ukapatane kwanza. Tunapenda kuusoma mstari huo tukifikiria waliotukosea, ilhali unamzungumzia mtu ambaye mwenzake ndiye mwenye lalamiko. Kwenye kaunta buku wewe ndiye unayedai. Katika jambo la mtoto, wewe ndiye unayedaiwa.

Katekista wa Kanda ya Ziwa alijibu:

Tumsifu Yesu Kristo. Ninamshukuru mwinjilisti, shikamoo mzee wangu, nami nina jambo la kuongeza na jingine la kupinga.

La kuongeza ni hili. Sisi Wakatoliki tunasali "utusamehe makosa yetu, kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea", na ninyi mnasali "deni zetu" na "wadeni wetu" kama ilivyo katika Mathayo 6:12 ya Biblia ya tafsiri ya Union Version. Kwa miaka mingi niliwafundisha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, kwamba ni mamoja, na kwa maana ya roho ni kweli: katika Kiaramu, lugha aliyoizungumza Bwana, neno hoba lilibeba deni na dhambi pamoja. Lakini ninaposoma swali la mama huyu nakiri kwamba neno letu ni laini zaidi. Mtu anaweza kusali "waliotukosea" miaka arobaini bila kufikiria hata siku moja droo ya dukani. Luka naye anayachanganya yote mawili katika mstari mmoja, Luka 11:4, ambapo tunaomba tusamehewe dhambi "kwa kuwa sisi nasi tunamsamehe kila tumwiaye". Kumwia mtu ni kumdai. Neno hilo limekaribia kufa katika mazungumzo yetu ya kila siku, na nafikiri kufa kwake kumetupunguzia mzigo isivyo halali.

La kupinga ni hili. Mzee wangu ametufungulia mlango wa kutokea ulio mpana mno. Ni kweli kwamba mfano haukatazi kudai; hata hivyo bwana yule hakupanga malipo ya awamu, alisamehe deni lote, naye anamwuliza mtumwa kwa nini hakumrehemu mjoli wake kama yeye alivyorehemiwa. Neno "kama" ndilo linalonisumbua. Halafu kuna Luka 6:34-35, ambapo Bwana anasema kwamba hata wenye dhambi huwakopesha wenye dhambi ili warudishiwe vilevile, na sisi anatuagiza tukopeshe bila kutumaini malipo. Nimetafuta namna ya kuupunguza makali mstari huo na sijaipata. Tukiwaambia watu kwamba Injili inaridhika na kudai kwa adabu, tutakuwa tumewafundisha yale ambayo hata chama cha ushirika kingewafundisha.

Simwambii mama afute. Sijui hali ya duka lake, na mimi sijawahi kuuza ng'ombe kulipa deni la mtu mwingine. Ninachosema ni kwamba asiondolewe dhiki hii haraka, kwa kuwa dhiki yenyewe ni kazi ya Injili ndani yake. Mitume walipoambiwa wasamehe mara saba kwa siku moja hawakujibu, "Sawa, Bwana." Walijibu, "Tuongezee imani." Luka 17:5. Huwa nafarijika sana kwamba jibu hilo limeandikwa, tena kwamba Bwana aliwajibu kwa mfano wa chembe ya haradali: kiasi mlicho nacho, hicho kidogo kabisa, kinaanza kazi. Kwa hiyo mama asifunge mdomo kwenye Sala ya Bwana. Aiseme ikiwa inamchoma. Ninyi mnaosali "deni zetu" mna heshima ya kuchomwa mahali panapoonekana.

Aliyevuka Barabara alijibu:

Nimekuwa nikisoma mijadala ya hapa muda mrefu bila kuandika. Leo naandika kwa sababu mimi ni wa upande wa pili wa swali.

Mwaka niliomwozesha mtoto wangu nilikuwa nadaiwa shilingi 900,000 na kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na mweka hazina wa kikundi alikuwa jirani yangu wa benchi kanisani, mama mmoja mjane. Sikukusudia kudhulumu. Nilikosa mwezi wa kwanza kwa sababu ya kweli, mwezi wa pili kwa sababu nusu ya kweli, na mwezi wa tatu sikuwa na sababu yoyote isipokuwa aibu ya miezi miwili iliyotangulia. Watu wanaodai hufikiri kwamba mdeni analala usingizi. Mimi nilijua ratiba ya yule mama kuliko nilivyojua ya mke wangu: saa anayofungua genge, njia anayopita, Jumapili anayokwenda ibada ya kwanza ili mimi niende ya pili. Mwishowe nikaacha zote mbili. Nilikaa mwaka mzima bila kukanyaga kanisani, na nikiulizwa nilisema mguu unaniuma.

Kuhusu bati: nami niliwahi kuonekana na kitu kipya nyumbani, kitanda, na watu wakasema fedha za kikundi zimelaliwa. Kitanda kile kilinunuliwa na shemeji yangu. Sisemi kwamba bati la ndugu huyo lina maelezo kama hayo. Huenda kalinunua kwa fedha ya mbolea kweli. Nasema tu kwamba hakuna aliyeniuliza.

Kilichonirudisha ni ujumbe mfupi kwenye simu. Yule mama aliandika: "Ndugu, Jumapili hii ni Komunyo. Njoo. Habari ya fedha tutaizungumza siku ya kazi." Sikujibu, lakini nilikwenda, nikakaa benchi la nyuma, naye alipogeuka wakati wa kupeana amani alinipa mkono kama anavyompa mtu yeyote. Jumanne nilimpelekea shilingi 20,000. Nikaendelea kupeleka kila Jumanne mpaka likaisha. Zikafika shilingi 860,000, akasema zinatosha, nikakataa, nikapeleka zote.

Katekista na mwinjilisti wanajadiliana kama kusamehe ni kufuta au kuvumilia. Kwa aliyekuwa chini ya meza kama mimi, tofauti hiyo haikuwa ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa kama ninaweza kutazamwa usoni. Nilipotazamwa, kulipa kukawezekana. Kabla ya hapo, hata kama angenifutia lote kwa barua, nadhani ningeendelea kuvuka barabara.

Na mama, samahani kwa kusema hili: mimi ningeweza kukusamehe ukinitangaza kanisani. Ukimtangazia mtoto wangu gulioni, sijui.

Mama Pembejeo alijibu:

Wapendwa, ni siku ya tisa tangu niandike, na nimesoma kila neno zaidi ya mara moja. La aliyevuka barabara nilisoma nikiwa dukani, ikabidi nimwombe binti anayenisaidia asimame kaunta.

Juzi jioni nilikwenda. Daftari nililiacha. Nilitaka kulichukua kwa kisingizio kwamba tukifika kwenye hesabu tusibishane, kisha nikaona kwamba nikiingia nalo mkononi atakachokiona ni daftari. Yeye hakuwepo, nilimkuta mkewe akimenya viazi uani, na mtoto akichonga gari la mti. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya mtu mzima, maneno ya mzee wa kanisa, na nilipomwona mtoto yote yakanipotea. Nilichuchumaa nikamwambia kwamba siku ile dukani nilimkosea, kwamba fedha yake ilikuwa nzuri na nilipaswa kumhudumia, na kwamba namwomba anisamehe. Aliniangalia, akasema, "Kuku wawili walikufa." Akaendelea kuchonga. Sikuwa na jibu, na sina mpaka sasa.

Baba alirudi giza likiwa limeingia. Nadhani aliniona tangu njiani, na safari hii hapakuwa na upande wa pili wa barabara wa kuvukia. Tuliketi wawili, kama mwinjilisti alivyosema. Bati lilinunuliwa kwa fedha ya viazi. Hakulificha. Alisema mvua za mwaka jana zilikuwa zinawanyeshea kitandani, bei ya viazi ilianguka wiki aliyouza, na alipokwisha kumlipa mwenye lori na vibarua akaona fedha iliyobaki haitoshi deni langu wala haitoshi paa, bali inatosha nusu ya kimoja. Akachagua paa, halafu akaona aibu kuja kwangu mikono mitupu. Nilikasirika nikiwa nimeketi palepale. Nataka mlijue hilo, nisije nikaonekana mtakatifu: nilimwambia kwamba mimi niliuza ng'ombe, nikamtajia hata jina la ng'ombe. Akainama. Baadaye sana akasema, "Mama, nivumilie, nitakulipa." Sidhani kama alijua ananukuu Maandiko. Mimi nilijua, na nywele zilinisimama.

Tulipatana hivi. Nilimwachia shilingi 340,000, ambazo ndizo faida yangu na kidogo juu yake, na milioni moja na nusu atalipa kwa misimu miwili. Mbolea ya kupandia ya mwaka huu nitampa, mifuko sita tu, kwa sababu bila mbolea hakuna viazi na bila viazi sote wawili tunadanganyana. Mfanyabiashara atanicheka, na katekista ataona nimesamehe robo isiyofika, nami nakubali kwamba imani yangu kwa sasa imefika hapo. Ukurasa wake kwenye kaunta buku sijauchana. Nimechora mstari, nikaandika tarehe na kiasi kipya, naye amekuja leo asubuhi kuweka sahihi, kwa mlango wa mbele.

Limebaki swali moja dogo kwa mwinjilisti. Mtoto nilimwomba radhi uani kwao, mbele ya mama yake tu. Lakini siku ile nilimwaibisha mbele ya wateja, na katika mfano ni wajoli walioona wakasikitika. Wangu walicheka, kwa sababu mimi niliwapa ruhusa ya kucheka. Je, jambo hili limekwisha pale uani?

Mwinjilisti Mstaafu alijibu:

Mama, namshukuru Mungu kwa ajili yako na kwa ajili ya huyo ndugu, na katekista wetu nadhani atakuvumilia pia. Kuhusu swali lako, Zakayo alikuwa na nyumba, na Bwana alikuwa mgeni wake, kwa hiyo angeweza kuyamaliza mambo yake ndani kwa faragha. Luka anasema alisimama, naye alisema kwa sauti kwamba kama alinyang'anya mtu kitu kwa hila anamrudishia mara nne, baada ya watu wote kunung'unika.

Gulio lenu ni siku gani?

Mama Pembejeo alijibu:

Ni Alhamisi, mzee wangu. Nimekwisha kumwambia mama yake amtume tena dawa ya kuku.